Miguu Niliyoiosha Langoni

Wiki nzima sasa napita vichochoro vya mtaa huu wa Langoni, huku pwani, nimeinamisha uso, mimi nesi mzima, niliyeletwa kutoka Ukambani na serikali yetu mpya nije kutibu watu.

Niliitwa nyumba moja kumwona mgonjwa wa homa. Nilipobisha hodi hakuna aliyeitika, nikaingia. Chumba cha kwanza nikamkuta msichana amenyoosha miguu mkekani, viganja na nyayo zimepakwa kitu kama tope la kijani. Nikajisemea, ndizo hizo dawa zao za kienyeji.

"Nani amekutenda hivi?" nikamuuliza. Akainamisha macho tu. Basi, nikaona homa imempanda kichwani. Nikachota maji, nikatoa sabuni na brashi, nikamsugua huku nikimhubiria usafi. Machozi yakamtoka, nikamwambia avumilie.

Mama yake akaingia na bakuli la uji, likamponyoka.

"Sista! Muwele ni mamangu, yuko chumba cha ndani! Huyu ni bibi harusi, hina ndiyo kwanza tumempaka, na kesho anatolewa mbele ya wanawake wote!"

Nikatazama miguu ile. Ilibaki na rangi hafifu, kama kanga iliyochujuka.

Bibi mgonjwa akatoka akishika ukuta. Hakunigombeza. Alinitazama mdomoni, kwenye meno yangu ya mbele, yaliyochongwa ncha nilipokuwa msichana ili nipendeze.

"Maskini mwanangu," akasema kwa huruma, "na wewe, nani amekutenda hivi?"