Mara Mbili, Kisha Unapisha

Katika wodi ya watoto wachanga kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: ukimchoma mtoto mara mbili na mshipa ukakukataa, unapisha. Husemi "niache nijaribu tena." Unaweka sindano chini, mwenzako anashika. Aliyeileta sheria hiyo ni muuguzi anayeitwa na wenzake Mama Tochi, na kwa miaka yote aliyofanya kazi pale haikuwahi kumgusa. Yeye ndiye aliyekuwa akipishwa.

Jina hilo lilitokana na tochi yake, nyembamba kama kalamu, ambayo haikosi mfukoni. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake ana mishipa kama uzi wa kushonea. Mama Tochi huvuta pazia, huzima taa ya juu, kisha huiweka tochi chini ya kiganja cha mtoto. Kiganja kinawaka chekundu, na ndani ya wekundu ule mshipa unajitokeza kama mstari mweusi. Hapo ndipo huingiza sindano, taratibu, bila neno. Wodi nyingine zilipokwama zilituma mtu kuja kumwita. Alikwenda bila maringo, ingawa alipenda kuitwa, na hakulificha hilo.

Macho yalianza kumgeuka alipokaribia miaka hamsini. Kwanza ilikuwa chupa za dawa. Alizisogeza mbali na uso ili asome maandishi, akazidi kuzisogeza, hadi mkono ukaisha. Mlingoti, muuguzi mwenzake aliyezoea kuinama kwenye kila mlango, akamwona.

"Mama, tukuongezee mkono?"

"Jiongezee adabu kwanza," akajibu, na wodi nzima ikacheka.

Alinunua miwani ya kusomea. Lakini kazi ile ni ya kuinama, tena ukiwa umevaa barakoa. Pumzi ilipanda, vioo vikaingia ukungu. Siku moja miwani ilimteleza puani, ikaangukia ndani ya kitanda cha joto, kando kabisa ya kichwa cha mtoto asiyefika kilo mbili. Mtoto hakuguswa. Mama Tochi aliiokota, akaifuta, akaenda kujifungia chooni.

Ndipo akaenda kwa daktari wa macho, mama mmoja mpole asiyekuwa na haraka. Daktari alimweleza kuwa lenzi ya jicho hukakamaa kwa umri na kushindwa kujikunja kwa ajili ya vitu vya karibu. Kisha akamwonyesha picha ya kipandikizi: kipete cheusi, kidogo kuliko punje ya dengu, chembamba kuliko unywele, chenye tundu katikati. Huwekwa ndani ya konea, ule utando mwangavu wa mbele, kwenye jicho moja tu. Mwanga unaopita kwenye tundu lile unamwezesha mtu kuona karibu bila miwani. Jicho la pili linaachwa kama lilivyo, kwa ajili ya mbali.

"Kina kasoro yake," daktari akasema. "Penye giza jicho hilo litaona hafifu. Na taa kali gizani unaweza kuiona imezungukwa na duara, kama mwezi wenye ukungu. Unaendesha gari usiku?"

"Mimi? Hata baiskeli sina."

Wakacheka wote wawili, na jambo hilo likaishia hapo. Hakuna aliyefikiria taa ndogo iliyokuwa mfukoni mwa mmoja wao.

Kazini aliomba likizo, akasema anakwenda kumuuguza dada yake. Dada mwenyewe ndiye aliyemsindikiza kwenda kuwekewa kipete, na ndiye aliyemtia matone ya dawa jioni.

"Yaani mimi ndiye mgonjwa," dada akasema. "Na ninaumwa nini, ili nisije nikakuaibisha?"

"Mgongo."

"Haya. Lakini mdogo wangu, ungewaambia tu wenzako. Kuzeeka si wizi."

Mama Tochi akainua uso apokee matone. Kitu alichokuwa akikilinda hakikuwa ujana. Ilikuwa ile sauti ya mtu mlangoni inayosema, tunakuhitaji.

Jicho lilipotulia, dada alimpa pakiti ya chumvi. Akasoma yote, mpaka anwani ya kiwanda. Akasoma na zile herufi ndogo za chini ya bomba la dawa ya meno. Alirudi kazini uso umenyooka. Chupa alizisoma mkono ukiwa karibu, na Mlingoti akakosa la kutania.

Kisha akaletwa msichana aliyezaliwa kabla ya wakati, hanyonyi, anahitaji dripu. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kitenge kimefungwa kifuani. Mlingoti alijaribu mkono wa kushoto mara mbili, akapisha.

"Usiogope, mama," akamwambia mzazi. "Huyu anayekuja sasa hakosi."

Mama Tochi akavuta pazia, akazima taa, akaweka tochi chini ya kiganja cha kulia. Kiganja kikawaka. Lakini mwanga haukubaki pale ulipowekwa. Ulitanuka, ukafanya duara jeupe lenye kingo za ukungu, na duara likaufunika mkono wote. Mstari mweusi haukuwepo. Akafumba jicho lenye kipete. Lile jingine likampa wingu. Akalifumbua. Duara likarudi.

Alichoma pale ambapo vidole vilimwambia mshipa upo. Haukuwepo. Mtoto akalia kilio chembamba, kama mlango unaofunguliwa mbali. Akasogeza tochi, akangoja, akachoma tena. Tone moja la damu, basi.

Mlingoti alitazama ukutani kwa heshima. Sindano ya tatu ilikuwa tayari kwenye trei, na pale wodini hapakuwa na mtu ambaye angeweza kumkataza. Mzazi aliinuka nusu, kisha akakaa.

Mama Tochi akaiweka sindano chini.

"Njoo," akamwambia Mlingoti. "Mguu bado mzima. Mimi nitashika tochi."

"Mama, mimi nimeshakosa mbili."

"Za mkono. Inama, mwanangu. Mimi siuoni. Niambie wewe unaona nini."

Akaishika tochi chini ya unyayo ule mdogo. Yeye aliona duara tu.

"Naona mstari," Mlingoti akanong'ona. "Unapinda kuelekea kidole gumba."

"Ufuate ulivyo. Usiukimbize."

Damu ikapanda kwenye bomba. Mzazi akaanza kulia bila sauti. Mama Tochi alibandika plasta mwenyewe, akawasha taa, akamweleza Mlingoti habari ya kipete palepale kwenye sinki, akinawa mikono.

Daktari wa macho alimwambia kinaweza kutolewa, na jicho litarudi karibu na lilivyokuwa, pamoja na miwani na ukungu wake. Akampa muda wa kufikiri.

Alikuwa bado anafikiri siku ambayo muuguzi wa wodi ya upasuaji alisimama mlangoni akamwulizia. Mama Tochi aliingiza mkono mfukoni, akatoa tochi, akamkabidhi Mlingoti.

"Wataniuliza Mama Tochi yuko wapi," Mlingoti akasema.

"Waambie amepisha."

Akageukia trei ya dawa, akachukua chupa iliyofuata, akaanza kusoma maandishi yake.