Mafunzo Hewa

Mbele yake walimwita Sista. Akishageuka walimwita Pilipili, naye alijua, wala halikumkosesha usingizi. Alikuwa mkuu wa wodi ya upasuaji ya wanawake, vitanda thelathini na viwili, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumkuta amekaa kitini kabla ya saa nne asubuhi. Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa mbiombio, na sauti yake ilifika kitanda cha mwisho bila yeye kuipandisha. Muuguzi aliyejaza chati ovyo aliitwa, akasimamishwa mbele ya chati yenyewe, akaulizwa swali moja: "Hii ni kazi ya mtu aliyesoma?" Wapo waliokwenda kulilia chooni. Lakini wagonjwa wake hawakutoka na vidonda vya mgongoni, na madaktari wapya walijifunza upesi kwamba dawa ukiwa huna hakika nayo, muulize Pilipili kabla hujaiandika.

Kitu kilichomkera kuliko uchafu, kuliko hata uvivu, kilikuwa karatasi za mafunzo. Ili leseni yake ihuishwe, kila muuguzi alitakiwa kuonyesha kwamba katika mwaka amepata saa kadhaa za kujiendeleza kazini. Hospitali ilikuwa na mratibu wa shughuli hiyo, mwanamume wa tai na viatu vya kung'aa ambaye wauguzi walimbandika jina la Bwana Faili. Zamani mafunzo yalikuwepo kweli. Mwalimu alisimama, watu wakauliza, wakajaribu kwa mikono yao. Halafu yakafupishwa yakawa nusu saa, halafu dakika kumi za kusimama mlangoni, na mwishowe ikabaki karatasi peke yake. Bwana Faili alipita wodini na orodha ya mahudhurio, mada imeshaandikwa, tarehe na saa zimeshaandikwa, kilichobaki ni safu ya saini.

"Sista, nisaidieni hapo jamani. Wakaguzi wanakuja wiki ijayo."

Pilipili alifyonza. Akasema haya ni mafunzo hewa, kama wale wafanyakazi hewa wanaolipwa na hawaonekani. Akasema siku moja ataichana karatasi hiyo mbele yake. Kisha akasaini, akawaita wasichana wake: "Njooni msaini turudi kazini."

Sababu hazikukosekana. Wauguzi watatu kwa zamu, vitanda thelathini na viwili. Nani angekaa ukumbini saa mbili? Na bila saini zile wasichana wangekosa leseni. Kwa hiyo alisaini mwaka huu, akasaini mwaka uliofuata, huku akinung'unika kila mara, akidhani kunung'unika kunatosha.

Kisha zikaja mashine mpya za dripu, sita, ndani ya maboksi. Hadi siku hiyo dripu ilihesabiwa matone kwa macho, saa ya mkononi ikiwa pembeni. Sasa kulikuwa na kioo, namba na vitufe. Vitabu vya maelezo vilifungiwa stoo ili visipotee. Wiki mbili baadaye orodha ikafika wodini: "Matumizi salama ya mashine za dripu. Ukumbi mkubwa. Saa nane hadi saa kumi alasiri." Ilikuwa na tarehe kumi na nne, siku iliyokwisha kupita. Hakuna aliyekuwa ameingia ukumbini siku hiyo. Pilipili alisaini akiwa amesimama, mkono mwingine umeshika bandeji.

Miongoni mwa waliosaini alikuwa muuguzi mchanga aliyekuwa na miezi minne tu kazini. Walimwita Mgeni. Alikuwa mwangalifu kupita kiasi, wa kuhesabu vidonge mara tatu. Alipoletewa karatasi aliuliza, "Sista, lakini mimi sijafundishwa hii mashine."

"Hakuna aliyefundishwa. Saini."

Jumanne moja, baada ya madaktari kumaliza mzunguko wa asubuhi, Mgeni aliagizwa kumwekea dawa kali ya maumivu mgonjwa wa kitanda cha tisa, mama mmoja fundi cherehani aliyetolewa uvimbe tumboni. Kipimo kilikuwa mililita mbili na nusu kwa saa. Mashine zile zilikuwa na tabia yake: kitufe cha nukta lazima ukibonyeze mpaka kilie, la sivyo mashine inakiruka. Mgeni alibonyeza mbili, akabonyeza nukta, akabonyeza tano. Nukta haikulia. Mashine ikashika ishirini na tano. Kabla hajainama kusoma kioo, mgonjwa wa kitanda cha kumi alianza kutapika damu, na Mgeni akamkimbilia.

Pilipili ndiye aliyepita kitanda cha tisa baadaye. Aliona kinywa kimeachama, midomo imebadilika rangi. Akaweka kiganja kifuani pa mgonjwa, akatazama saa yake. Pumzi sita kwa dakika nzima. Alizima mashine, akapiga ukelele uliosikika mpaka wodi ya pili, na wakati daktari anafika alikwisha kumwekea oksijeni. Dawa ya kuzimua ile ya maumivu ilipatikana. Fundi cherehani alikaa chumba cha wagonjwa mahututi siku nne, siku mbili za kwanza bila kumtambua mwanawe wa kumzaa. Alipona.

Uongozi ulitaka jina la mtu, na jina lilikuwepo. Mgeni alipewa barua ya kujieleza kwa nini asifukuzwe kazi na leseni yake isipelekwe mbele ya baraza la wauguzi. Bwana Faili aliambatanisha ripoti ya ukurasa mmoja, imechapwa vizuri, isiyo na kosa la herufi: muuguzi husika alipewa mafunzo kamili tarehe kumi na nne, kama saini yake inavyothibitisha.

Pilipili aliisoma ripoti hiyo amesimama kwenye korido, damu ikamchemka. Akaisoma tena. Mchana huohuo Metroni, mkubwa wa wauguzi wote wa hospitali, akamwita ofisini na kufunga mlango.

"Mdogo wangu, kikao ni Ijumaa. Nakuomba usije na pilipili yako. Hili likipita kimya kimya, jina lako nimeliweka la kwanza kwenye kozi ya uongozi. Nafasi ni moja, na wewe umeisubiri miaka sita."

Ni kweli aliisubiri. Kila mwaka aliambiwa wodi haiwezi kukaa bila yeye, na kila mwaka alikwenda mtu mwingine, mara mbili watu aliowafundisha mwenyewe kupima presha.

"Dada," Pilipili akasema, "nikitoka huko kwenye kozi nije kuongoza nini?"

Metroni alizungusha kalamu yake mezani.

Jioni nyumbani aliosha vyombo kwa kishindo mpaka kikombe kikavunjika kishikio. Mumewe, mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache, alikuwa anasahihisha madaftari kwenye meza ya jikoni.

"Wanataka kumtoa kafara yule mtoto!" akasema Pilipili. "Mtu amekaa na karatasi yake ya uongo, anaivalisha tai, anaileta mbele yangu!"

"Kwani mtoto mwenyewe hakusaini?"

"Alisaini."

"Kwa nini asaini kitu ambacho hakukifanya?"

"Kwa sababu aliambiwa!"

"Na nani?"

Pilipili aligeuka na sifongo mkononi, povu linachuruzika sakafuni. Alimkasirikia mumewe kwa kuuliza. Akatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka, akazianua zote, akarudi akazimwaga kitini. Alikwisha kumkasirikia Bwana Faili, Metroni naye, mkurugenzi wa hospitali, stoo, waliotengeneza kitufe cha nukta. Aliyebaki alikuwa mmoja, na huyo hakuwa na pa kumkimbia.

"Ni mimi, baba watoto," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia asaini."

"Najua," mumewe akasema. "Sasa utafanyaje?"

Kesho yake, kabla ya zamu, alikwenda kwenye maegesho ya magari ya wagonjwa. Kulikuwa na kitu kuhusu tarehe kumi na nne kilichokuwa kikimkwaruza kichwani. Dereva alimfungulia daftari la safari.

"Hii hapa, Sista. Siku ile ulinigombeza kwa kila shimo la barabarani, utadhani nimeyachimba mimi."

Mstari ulikuwa wazi: limeondoka saa saba na nusu mchana kwenda hospitali ya rufaa, limerudi saa kumi na mbili jioni. Muuguzi msindikizaji: jina lake, kwa mwandiko wake. Pilipili akanakili ukurasa ule.

Ijumaa kikao kilikaa katika chumba chenye meza ndefu na maua ya plastiki. Mganga mkuu alikuwa mwenyekiti. Metroni upande mmoja, Bwana Faili upande wa pili, Mgeni mwishoni kabisa, mikono imefichwa chini ya meza. Bwana Faili akasoma ripoti yake, akamalizia kwa upole, "Kwa upande wa mafunzo, ofisi yangu ilitimiza wajibu wake."

"Sista, wewe ndiye msimamizi wake," mganga mkuu akasema. "Una la kuongeza?"

Pilipili alisimama. Sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo.

"Mheshimiwa, hiyo orodha ina saini yangu?"

Mganga mkuu akaitazama. "Ipo. Ya pili kutoka juu."

"Inasema saa nane hadi saa kumi nilikuwa ukumbini. Hii ni nakala ya daftari la gari la wagonjwa. Saa hizohizo nilikuwa njiani nampeleka mgonjwa rufaa. Mtu mmoja hakai mahali pawili. Saini yangu ni ya uongo, na za wenzangu wote kumi na nane ni za uongo, kwa sababu hayo mafunzo hayakufanyika. Vitabu vya mashine viko stoo, havijatolewa hata kwenye nailoni."

"Sista anachanganya tarehe," Bwana Faili akaanza.

"Nyamaza!" Sauti sasa ilirudi mahali pake, na Metroni akaruka kidogo kitini. "Wewe umenipitishia karatasi miaka na mimi nimekusainia miaka. Leo zamu yetu ya kusema ukweli imefika. Huyu binti aliniambia hajafundishwa. Aliniambia kwa mdomo wake! Nikamwambia asaini. Kama kuna mtu wa kuandikiwa barua, anzeni na mimi, halafu mpande juu. Msishuke chini."

Mganga mkuu alivua miwani. Aliuliza kwanza nani mwenye ufunguo wa stoo, kisha akaahirisha kikao.

Matokeo hayakuwa ya kufurahisha mtu. Mgeni alibaki kazini na onyo la maandishi. Pilipili alivuliwa ukuu wa wodi kwa kosa la kughushi kumbukumbu, akapelekwa chumba cha kufungia vidonda, wagonjwa wa nje. Kozi ya uongozi akaenda mwingine. Bwana Faili alihamishiwa idara ya mipango, kwenye ofisi yenye feni mbili. Pilipili alipoambiwa habari ya feni alicheka hadi akakohoa, halafu akapiga meza ngumi, mkasi ukaanguka.

Lakini vitabu vilitoka stoo. Fundi wa vifaa alileta mashine moja kwenye kitanda kitupu na ndoo ya maji, na wauguzi wakaja watano watano, kila mmoja akabonyeza nukta mpaka ikalia. Metroni mwenyewe alisimamia, na orodha ilisainiwa mlangoni wakati wa kutoka. Siku ya tatu alimtuma mtu chumba cha vidonda: Sista aje awafundishe kuhesabu pumzi. Pilipili alijibu kwamba atakuja kwa barua rasmi, si kwa kuitwa kama mtoto. Barua ikaandikwa. Akaja, na sasa huja kila Jumatano.

Mgeni hukaa safu ya nyuma. Wiki ya kwanza, watu walipokwisha kutoka, Pilipili alimsimamisha.

"Mwanangu, nilikukosea."

"Ndiyo, Sista," Mgeni akasema. "Nilikuambia, na hukunisikiliza. Mama wa watu alikaribia kufa mikononi mwangu. Kila nikilala namwona."

Mgeni aliinamisha kichwa kidogo kwa heshima, akachukua daftari lake, akaenda zake wodini.