Fundo la Kitambaa cha Mama

Juzi huko Osiri, ninakoponda mawe ya dhahabu siku hizi, nilimwona mwanamke anayeumwa kichwa amejifunga kitambaa kwenye paji la uso. Niliacha nyundo nikamtazama mpaka akaniuliza kama tunajuana.

Nilipokuwa mtoto, Mama alikuwa ametoka hospitalini, amepasuliwa kichwa. Kelele zilimuumiza, kwa hiyo redio ilizimwa na ndugu zangu wakapelekwa kwa shangazi kisiwani Mfangano. Nilibaki mimi. Sabato moja baba alikwenda kanisani, na nyimbo zilitufikia kwa mbali pamoja na harufu ya dagaa wa omena walioanikwa.

Jirani yetu Mama Atieno alikuwa ameniambia akicheka, "Walimfunua kichwa kama chungu! Chunga asikusahau." Basi mimi niliamini kitambaa ndicho kifuniko.

"Nyathina, mwanangu, kichwa kinanigonga," Mama alisema. "Nilegezee hiki kitambaa."

Niliingiza vidole kwenye fundo, nikalikaza.

"Umelegeza?"

"Ndiyo, Mama."

Aligeukia ukuta akalia taratibu. Leo najua chini yake kulikuwa na kidonda kilichokuwa kikipona, na kwamba kitambaa kile kilimzidishia maumivu tu. Siku hiyo nilikaa nimelishika fundo kwa mikono miwili hadi baba aliporudi, akalifungua bila kuniuliza. Nilikimbilia nyuma ya mlango, nikingoja kuona kama Mama bado ananijua.

Mama aliniita kwa jina langu, mara tatu. Nililisikia vizuri, na kwa aibu sikuitika.