Betri za Redio ya Kogo

Juzi, kwenye mkutano wa wazazi hapa Bomet, mwalimu wa binti yangu alisema gemu za video ni sanaa, tena humfunza mtoto. Wenzangu waliguna. Mimi, rafiki yangu, niliinamisha kichwa, kwa sababu alisema kweli na kweli hiyo iliniuma.

Nililelewa Merigi na nyanya, kogo kama tunavyomwita kwetu. Jirani mwenye duka alinipa gemu ndogo ya mkononi, ile ya matofali yanayoanguka ukiyapanga yasiache mapengo. Jioni moja kogo alirudi kutoka kuchuma chai, vidole vyeusi kwa utomvu, akanikuta nikicheza jikoni kwenye moshi.

"Hii si ni kupanga kuni tu," akasema. "Usikimbilie kuziba. Huo ukuni mrefu uwekee nafasi yake."

Kuni za kogo zilipangwa ukutani vizuri hadi wapita njia wakasimama kuzitazama. Tangu siku hiyo tulicheza kwa zamu. Mimi nilijifunza kungoja. Yeye, ambaye hakusoma, alijifunza tarakimu kwa kufuata alama zake.

Betri zikaisha. Za redio yake zilikuwa mpya. Nikazitoa, nikatia zangu zilizokufa, nikawa nacheza kichakani peke yangu. Kogo alidhani betri zimechoka, akazianika juani juu ya bati siku tatu, akingoja zipate nguvu.

Katika siku hizo tatu ndipo idhaa ya redio ilipotangaza kifo cha mdogo wake wa pekee, kule Sotik. Simu hatukuwa nayo. Jirani mwenye duka ndiye aliyeleta habari, akitoka kununua bidhaa huko.

"Pole, Mama. Walimzika jana. Walikuwa wanauliza mbona hukufika."

Kogo alitazama redio, kisha akanitazama mimi. Nikampa gemu, nikijua ataitupa motoni. Alitoa betri tu, akazirudisha redioni, akaketi kusikiliza matangazo ya vifo vya watu asiowajua mpaka yakaisha. Gemu akanirudishia. Hakuwahi kunigombeza, na heri angenichapa.

Kogo naye ametutoka. Chai yetu sasa inachumwa kwa mashine, na pale ukutani palipokuwa na kuni pana mtungi wa gesi. Binti yangu hupanga matofali kwenye simu yangu, nami humwambia huo mrefu auwekee nafasi. Huniuliza nani alinifunza. Humjibu ni kogo. La betri sijamwambia.