Pembe Kumi Katika Daftari la Jiografia

Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, na daftari langu la jiografia lilibaki na kurasa nyingi tupu. Baba alikuwa ametangulia. Mama alimfuata kabla mwaka haujaisha, na wakabaki wadogo zangu wawili: wa kiume, aliyekuwa darasa la tatu, na kitinda mimba wetu wa kike, ambaye hata vifungo vya sweta alikuwa hajajua kuvifunga. Siku ya kuondoa matanga wazee wa ukoo walikaa kutugawa, huyu aende Matogoro, huyu apelekwe Tunduru, mimi niende kwa shangazi. Nilisimama nikasema hatugawanyiki. Sijui nguvu ile niliitoa wapi. Walinitazama, wakatazamana, na kuanzia hapo nyumba ya wazazi, iliyoko Mshangano, ikawa juu yangu, pamoja na shamba la mahindi lililo nyuma yake.

Wazazi wetu waliondoka bila dalili. Baba alitoka asubuhi na baiskeli yake, jioni tukaletewa baiskeli. Mama aliugua Jumatatu, Ijumaa tukamzika Matogoro, kando ya baba, kwenye mteremko ulio chini ya msitu. Mtu aliyepatwa hivyo mara mbili huanza kuishi kama anayesikiliza mlango. Sikuogopa taabu, taabu nilikuwa naimudu. Niliogopa kitu kitakachokuja bila kubisha hodi.

Ndiyo maana nilimsikiliza fundi redio.

Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kibanda karibu na barabara, na sebuleni kwake watu kama kumi na tano walikutana kila Jumamosi mchana kujifunza unabii. Nilikwenda kuchukua redio ya mama aliyokuwa ameitengeneza, nikakuta somo linaendelea, nikakaa. Ukutani alikuwa amebandika ramani ya Ulaya iliyotolewa kwenye atlasi ya shule, na juu yake amechora mistari kwa kalamu nyekundu. Alieleza sanamu ile ya ndoto ya mfalme katika Danieli, kichwa cha dhahabu mpaka nyayo za chuma zilizochanganyika na udongo. Nyayo hizo, alisema, ndizo nchi za Ulaya zinazojaribu kuwa kitu kimoja na kushindwa. Mimi nimekanyaga udongo wa matofali tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Chuma na udongo havishikani, hilo sikuhitaji kufundishwa. Nikaona huyu mtu anasema kitu ninachokijua kwa miguu yangu.

Nikawa mwanafunzi wake. Lile daftari la jiografia nililiendeleza pale nilipoishia, na baada ya maelezo ya mvua na upepo zikafuata pembe kumi za mnyama wa unabii, ambazo fundi alisema ndizo nchi kumi za mwisho za Ulaya. Kila nchi niliipa mstari wake. Nilisikiliza taarifa za nje asubuhi nikiwasha moto na mchana nikipika: nani amekutana na nani, nani amekataa kutia saini. Mama alikuwa Mkatoliki wa rozari kila siku, na fundi alipogusa Roma, akisema ndiko kiti cha mnyama, nilikuwa nainamisha kichwa nikijifanya naandika. Hilo moja sikuliandika.

Mdogo wangu wa kiume, wakati huo kidato cha tatu, alilichungulia daftari siku moja akacheka.

"Dada, nchi za umoja wao ni ishirini na saba. Mnyama wenu ana pembe ishirini na saba. Huyo si mnyama, ni kichaka."

"Waingereza si wametoka? Watatoka na wengine mpaka zibaki kumi."

"Kwa hiyo tunasubiri kumi na saba watoke. Basi nina muda wa kumaliza kidato cha nne."

Nilimfukuza na mwiko, lakini sikucheka. Kisha Urusi ikaingia Ukraine, naye hakucheka tena. Mbolea, iliyokuwa imeshaanza kupanda bei, ikawa haishikiki. Sisi huku mahindi ndiyo maisha yetu, na kwenye duka la pembejeo watu walisimama wakitazama mifuko kama wanaotazama picha. Fundi alifungua Ufunuo akatusomea juu ya farasi mweusi na mizani ya chakula. Nilirudi nyumbani nikasimama kwenye shamba letu. Nusu ya mahindi yalikuwa membamba, ya njano, hayakuonja mbolea ya kukuzia. Vita vya watu ambao sitawaona maishani vilikuwa vimefika kwenye tuta langu. Nani angeniambia kwamba ni hadithi?

Nilianza kuwasomea wadogo zangu daftari kila tukishakula mchana wa Jumapili. Nilidhani nawakinga. Nilitaka wasipatwe kama nilivyopatwa. Niliwaeleza unyakuo, jinsi watu wa Bwana watakavyochukuliwa kwa kufumba na kufumbua, nguo na viatu vikibaki walipokuwa wamesimama. Kitinda mimba alikuwa darasa la tano. Alisikiliza huku akikwangua ukoko sufuriani.

"Na mimi nitachukuliwa?"

"Ukiwa huna dhambi."

"Nikiwa nayo?"

"Utabaki."

"Na wewe?"

Nilisema, "Mimi najitayarisha." Akaweka kijiko chini. Nami nikafungua ukurasa mwingine.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, mwishoni mwa mvua. Maharage yalikuwa jikoni, redio iko dirishani, na mtangazaji alikuwa anasoma habari za wakuu wa Ulaya waliokutana kujadili vita. Nikasikia kilio.

Kwetu, kilio cha msiba hakingojewi. Humalizi kusonga ugali, hutafuti kandambili, hufungi mlango. Aliyefariki ni nani utauliza njiani. Mwanamke anayechelewa kwa sababu alikuwa anapanga mambo yake atasemwa mpaka arobaini. Kilitokea bondeni, ng'ambo ya kijito, kwa mzee ambaye sote tulimwita babu. Niliruka kizingiti, kandambili zikabaki pale pale, moja imepinduka. Khanga ya juu ilianguka mlangoni, sikurudi kuiokota. Mbele yangu na nyuma yangu wanawake walikuwa wanakimbia, na wanaume wakitupa majembe. Ndani ya dakika chache mtaa wetu wote ulikuwa mtupu, milango wazi, masufuria motoni.

Kule msibani nililia babu, nikawalia na wangu. Nilikumbuka maharage kwenye saa kumi, nikaomba ruhusa nikatazame moto.

Jikoni moto ulikuwa umemwagiwa maji. Sufuria imeteguliwa na kufunikwa vizuri. Redio imezimwa. Mkoba wa shule wa kitinda mimba ulikuwa mlangoni, na khanga yangu imekunjwa, imewekwa juu ya kandambili zangu mbili, zilizopangwa sambamba kama za mtu aliyefariki.

Niliita jina lake. Niliita shambani, chooni, kwa jirani. Milango ya jirani ilikuwa wazi vilevile na hapakuwa na mtu. Hapo ndipo nilipouona mtaa kama alivyouona yeye. Upepo ulikuwa unapeleka vilio upande wa pili, hapa petu hakikusikika kitu ila kuku. Wazo la kwanza lililonijia naona haya kuliandika: kwamba yeye ndiye aliyechukuliwa, na mimi ndiye niliyebaki.

Mdogo wangu wa kiume alinikuta nimeshika nguzo ya jiko.

"Kuna nini? Watu wako wapi?"

"Msibani. Mtoto haonekani."

Aliingia ndani, akatoka na daftari. Lilikuwa wazi mezani, alisema. Akasoma kwa sauti mstari wangu mwenyewe, mwandiko wangu wa kidato cha pili: kwanza wafu watafufuka, makaburi yatafunguka, kisha walio hai. Akanitazama kwa uso ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Dada, umemwandikia njia."

Kutoka Mshangano mpaka Matogoro ni kuvuka mji mzima. Tulipanda bodaboda moja, watatu pamoja na dereva. Dereva aliniuliza, "Dada, mbona haraka hivyo?" Mdogo wangu akamwambia endesha tu, bro. Njia nzima nilitazama pembezoni, kila sare ya shule nikiidhania yake. Niliona malori, niliona mitaro iliyojaa maji. Sikusali. Nilitaka kusali nikaogopa kusikilizwa.

Tulimkuta. Alikuwa amekaa katikati ya makaburi mawili, soksi zimejaa tope, kiganja kimoja kiko juu ya udongo wa mama. Hakugeuka.

"Halijafunguka," alisema. "Nimelizunguka lote. La baba pia."

"Mwanangu."

Akageuka. Alinitazama miguuni kwanza, kisha usoni.

"Na wewe umeachwa?"

"Sikuachwa. Babu wa bondeni amefariki. Tulikimbilia kilio."

"Watu wote?"

"Watu wote."

Alifikiri. "Nilijua ni kwa sababu ya sukari," akasema. "Nililamba, Jumapili. Nikasema wewe umechukuliwa kwa sababu huna dhambi. Nikaja kuona kama mama naye ameondoka, nijue kama nimebaki peke yangu kabisa."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya mifugo iliyopotea, na hapo nikaelewa nilichomfanyia. Mimi nilipigwa mara mbili bila kuonywa. Yeye nilimwonya kila Jumapili, na alikuwa amepigwa kila Jumapili.

Nilikaa kwenye tope, nikampakata ingawa alikuwa ameshakuwa mkubwa.

"Sikiliza. Siendi popote bila wewe."

"Hata Yesu akikuita?"

Mdogo wangu wa kiume alikuwa amesimama nyuma yetu. Msitu wa Matogoro ulikuwa umeanza kuwa mweusi juu yetu.

"Hata akiniita," nilisema. "Nitamwambia anisubiri, nina mtoto."

Basi, akalala begani kwangu. Mimi nilibaki macho kwa maneno yale, na mpaka leo bado niko macho nayo.

Jumamosi nilimrudishia fundi vitabu vyake. Nilimweleza kila kitu, hata nilichosema makaburini. Hakunigombeza. Alifuta miwani yake kwa shati, akasema kwa huzuni ya kweli, "Umempenda mtoto kuliko Bwana, mama. Nitakuombea." Ningependa kusema nilitoka pale mwepesi. Haikuwa hivyo. Sikuacha kuamini. Nikisikia redioni kwamba Wafaransa na Wajerumani wametia saini mkataba, au nchi nyingine inataka kujitoa, mkono wangu unatafuta kalamu wenyewe. Huenda fundi yuko sahihi, na siku hiyo itanikuta na jibu nililolitoa mbele ya makaburi mawili. Nimelipima mara nyingi. Silirudishi.

Daftari nililiweka juu ya dari la jikoni, kwenye moshi, pamoja na mahindi ya mbegu. Siwasomei tena. Nilichobadilisha kingine ni kidogo, lakini mtaani kilisemwa sana. Kilio kikilia sasa, mimi sikimbii mara moja. Nachukua mkaa, naandika kwenye mlango wa jiko: nipo msibani kwa fulani. Ndipo naondoka. Mwanzoni wanawake walinicheka usoni. "Huyu mwenzetu, watu wanalia, yeye anaandika barua." Bibi wa bondeni mwenyewe, mjane wa babu, nilipompa shikamoo alinishika mkono: "Mjukuu wangu, siku yangu ikifika, usiniandikie kwanza. Kimbia." Nikamwambia, "Bibi, nitaandika, kisha nitakimbia sana."

Kitinda mimba sasa yuko kidato cha pili, darasa lile nililoishia mimi. Mwezi uliopita nilirudi kutoka shambani mchana nikakuta mlango wazi, sufuria jikoni, kimya. Kandambili zake zilikuwa kizingitini. Jembe lilinitoka mkononi. Kabla sijamwita, kabla sijafikiri jambo lolote la maana, nilikuwa nimeshaishika tena nguzo ya jiko, na nikajua kwamba hofu ile sikuizika Matogoro.

Kisha nikatazama mlango wa jiko. Mkaa ulikuwa bado mbichi, vumbi lake limeanguka chini.

Nimekwenda kuchota maji. Nipo.

Nilisoma, nikasoma tena, nikakaa hapo hapo kizingitini kumsubiri nimwone akija.