Hedi za Kaka Chini ya Meza

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori la abiria na mikeka kati ya Temeke na Rufiji, nami nilikuwa fundi magari. Masika moja, Waingereza wakiwa bado wanatutawala, mto ulifurika ukalichukua lori lake. Utingo wake, aliyeokoka kwa kushika tawi, alisema alimwona akizolewa. Maji yalipopungua lori likaopolewa, tope hadi kwenye usukani. Kaka hakuonekana, wala hata kiatu chake.

Wazee wakasoma khitma, wakagawa alivyoacha. Asiyekuwapo na lake halipo. Mimi fungu langu likawa injini ya lori. Mkewe, shemeji yangu, aliambiwa akae eda, akakataa katakata.

"Sikai eda ya mtu sijamwona," aliwajibu, na kila alasiri akaendelea kuinjika debe la maji ya kuoga mumewe.

Maji hayo yalikuwa na historia yake. Tundu moja la plagi upande wa kulia wa injini ya kaka lilikuwa limelika, plagi haishiki, naye akalitia bushi ya shaba, kijipete cha kuzibia nafasi. Bushi haikukaza sawasawa. Lori likipanda kilima cha Mtoni, injini ikivuta kwa nguvu, upepo ulipenya pale ukatoa mluzi: mrefu, kisha mfupi. Shemeji akiusikia tu huinjika maji, na lori likifika mlangoni yamepata moto. Majirani walimtania, "Haya, mwenzio kakupigia simu."

Mimi nilikuwa na wazimu wangu. Nilipata gari kuukuu la mzungu mmoja aliyehama, nikalikata paa, nikalivua madigadi, nikalibakiza mifupa, boneti na viti viwili. Nilitaka liyapite mabasi yote ya barabara ya Kilwa, na bado liweze kunipeleka Kariakoo bila kuchemka. Injini yake ilikuwa ndugu moja na ile ya lori la kaka: silinda nane, nne kila upande, kwa hiyo hedi mbili za kufunika juu, zenye matundu ya plagi.

Watu hudhani mwendo unatoka kwenye pedeli. Mwendo unatoka kwenye hedi. Ukiichonga, chumba cha moto kinakuwa kidogo, mchanganyiko unabanwa zaidi, gari linaruka. Ukiichonga kupita kiasi, petroli yetu dhaifu ya siku zile inagonga ndani kama mtu anatwanga kokoto. Nilikuwa na jozi mbili za kuchagua. Moja ilitoka kwenye lori bovu la jeshi: haijaguswa na tupa, salama na vivu. Nyingine ilikuwa ya kaka, aliyoichongesha kidogo, kiasi tu. Hakuna fundi ambaye angesita.

Lakini hedi zile hazikutaka kukauka. Niliziosha kwa mafuta ya taa, nikazianika juani. Kesho yake nikakuta tope limetoka tena kwenye njia za maji, bichi, lina harufu ya mto. Nikaziosha upya, likatoka tena. Nikajiambia tope hujificha. Mimi si mtu wa mashetani. Shetani wangu ni gasketi mbovu.

Shemeji akaja gerejini, akasimama mbele ya meza akizitazama.

"Umeamua zipi, shemeji?"

"Za kaka. Ndizo zenyewe."

"Usizifunge." Alisema polepole, kama anayeomba maji. "Ule mluzi ukilia mie nitatoka nje. Nikikuta si yeye, sitarudi ndani na akili zangu."

Nilikasirika, nisifiche. Kumwambia fundi aache hedi nzuri ni kumwambia mpishi atupe nyama. Lakini nilimtazama usoni, hasira ikanyong'onyea. Nikazifunga za kaka kwenye gunia, nikazisukuma chini ya meza. Nikafunga za jeshi, plagi zote nane zikakaa kwenye chuma chenyewe, bila bushi hata moja.

Siku ya majaribio niliteremka Mtoni baada ya alasiri, nikageuza. Gari lilikuwa zito kama nilivyotabiri, nami nimenuna. Katikati ya kilima likapiga mluzi.

Mrefu, kisha mfupi.

Niliachia mafuta, ukanyamaza. Nikakanyaga, ukalia, upande uleule wa kulia. Muuza kahawa kando ya barabara aliinuka akavua kofia, na hakuwa ananitazama mimi. Alitazama kiti cha pembeni yangu, kilichokuwa kitupu. Harufu ya tope la mto ilinijaa puani. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikaenda moja kwa moja kwa shemeji.

Shemeji alikuwa mlangoni, kavaa kanga mpya, debe linafuka mvuke miguuni pake. Alinitazama, halafu akakitazama kile kiti muda mrefu.

"Umezifunga."

"Sijazifunga, wallahi."

"Nionyeshe."

Nikafungua boneti, injini ikinguruma. Yeye ndiye aliyekuwa akimshikia kaka spana, alijua pa kutazama. Akainama, akahesabu plagi za kulia kwa kidole. Hapakuwa na bushi. Mluzi nao ulikuwa umekoma.

"Labda gasketi inavuja," nikasema.

"Usinifundishe mluzi wa mume wangu." Hakuwa na hasira. Akanyooka. "Kaja kuaga."

Alilibeba debe mwenyewe hadi bafu la uani, akayamimina maji yote taratibu juu ya jiwe ambalo kaka alizoea kusimama akioga. Alipotoka, kanga yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Kawaambie wazee waniletee nguo nyeupe za eda," akasema, akaingia ndani.

Nilipofungua gunia kesho yake, hedi za kaka zilikuwa kavu, na tope halikutoka tena. Sikuzifunga kwenye gari lolote. Kilima kile nimekipanda miaka mingi na hedi zilezile za jeshi, mara nyingine nikikanyaga mafuta kuliko inavyohitajika, nikitega sikio. Mimi pia sikuwa nimemuaga.