Wigo wa Minyaa

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi hapa hapa Msamala, mwanangu, na nikiikumbuka bado damu inanichemka. Kaa chini. Weka hiyo sururu pembeni. Najua Fidelisi amejenga ukuta wake wa tofali ukaingia kwetu kiganja kizima, na una haki ya kukasirika. Hata mimi nimekasirika. Lakini utanisikiliza kwanza.

Nilikuwa na umri wako, nimeoa juzijuzi, kiwanja hiki nimeachiwa na baba. Jirani alikuwa Ngonyani na mke wake, Mama Fidelisi, rika langu kabisa. Mpaka wetu ulikuwa wigo wa minyaa. Minyaa unaijua: kata kijiti, kichomeke ardhini, mvua ikinyesha kimeshika. Ngonyani akaugeuza wema huo wa mti kuwa wizi. Kila masika safu mpya ya vijiti ilichomekwa hatua moja upande wangu, na ile ya zamani ikang'olewa kimyakimya. Wigo ulikuwa unatembea! Nilipomwambia kwa upole, alicheka. "Minyaa huota inakotaka," alisema. Ngonyani alishakufa, Mungu anisamehe, lakini kicheko kile mpaka leo sijakimeza.

Mwaka wa tatu nikakuta vijiti vimeupita mpera wa marehemu mama yangu. Mke wangu akasema twende kwa balozi wa nyumba kumi. Nikamjibu balozi ni wa waoga, nikachukua panga. Ngonyani alikuwa shamba. Aliyetoka mlangoni ni Mama Fidelisi, mtoto mgongoni.

"Baba, ngoja mwenyewe arudi," alinisihi.

Sikungoja. Nilimtukana yule mama matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Nikamwita mwizi, yeye na ukoo wake wote. Kisha nikaanza kufyeka, macho nimeyatoa.

Kila mtoto hapa anaonywa kwamba mnyaa hukatwa polepole, uso umeugeuza, kwa sababu utomvu wake mweupe unapofusha. Baba alinionya mara ngapi! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nusura nilipe kwa macho. Pigo la nne au la tano, utomvu ukaruka ukanijaa macho yote mawili. Nilidhani nimemwagiwa makaa. Nikatupa panga, nikagaragara juu ya vijiti nilivyovikata, nikilia kama ndama.

Mke wangu alikuwa amekwenda mwenyewe kumwita balozi. Ndugu zangu wote wako Mbinga, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikasikia mikono imenishika kichwa, ikanilaza mapajani, na sauti ileile niliyoitukana ikasema, "Tulia. Usisugue. Fumbua macho." Akanimwagia maji ndoo nzima. Kisha akatoa titi akanikamulia maziwa machoni, huku na huku, kama mama zetu walivyofanya, na mtoto wake aliyemweka chini akalia kwa njaa. Ndipo akaita watu wanipeleke hospitali.

Siku nne nilikaa macho yamefungwa. Nilipofunguliwa nikaona mwanga, nililia tena.

Balozi akaja na wazee na kamba. Ngonyani akaapa hajasogeza kitu. Nami nikainamisha kichwa, kwani ningedai kwa kinywa gani, mimi niliyemtukana mkewe? Mama Fidelisi akasimama.

"Wigo ulikuwa huku, nyuma ya choo chetu," alisema mbele ya mumewe. "Vijiti nimechomeka mimi kwa mikono yangu, yeye akinionyesha."

Wigo ukarudi. Kisha akanigeukia mimi, bado kanuna. "Na wewe, tangu leo ni mwanangu. Umenyonya kwa macho."

Watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Tangu siku ile namwamkia shikamoo, mwanamke wa rika langu, na wageni sokoni Majengo hutushangaa. Yeye hujibu, "Marahaba mwanangu," bila hata kutabasamu.

Sasa wewe mwenye sururu nikuulize. Huyo Fidelisi unayetaka kumbomolea ukuta unamjua? Ndiye yule mtoto. Maziwa yaliyoingia machoni mwangu yalikuwa yake. Macho haya ninayokukodolea kwa hasira, yeye ndiye aliyeyalalia njaa.

Sikwambii umwachie ardhi! Asikudanganye mtu kwamba jirani mwema ni yule anayeibiwa akanyamaza. Kiganja kile ni chetu na nitakidai. Lakini haki ikidaiwa kwa matusi hugeuka deni, na aliyekuwa anadai ndiye anayebaki kuinamisha kichwa, kama mimi mbele ya balozi. Dai kwa kinywa safi, mchana, mbele ya watu na mbele ya bikoni, lile jiwe la mpaka. Wala usimtukane aliyesimama mlangoni kwa kosa la aliye shamba, maana hujui ukianguka nani atakushika kichwa. Fidelisi amekosea, na tutamwambia amekosea, mama yake akisikia. Yule bibi anaujua mpaka, na haogopi kusema kweli.

Mungu akupe macho ya kuuona mpaka wako na mlango wa jirani yako kwa pamoja. Haya, rudisha sururu stoo, unawe uso, twende. Na tukifika, kabla hujatamka neno ukuta, mpe shikamoo bibi yako. Bila yeye, leo ungekuwa unanishika mkono kunionyesha njia.